Mguu wa kushoto ndio ulionitoa mstarini

Wiki nzima kabla ya siku ile ya mbio za gari kila aliyepita gereji alikuwa na somo la kunipa. "Kaka, pandisha resi mpaka elfu sita, achia klachi, gari itaruka yenyewe." Wengi waliosema hivyo wanaendesha otomatiki. Niliwasikiliza, na mpaka leo linaniuma.

Gari yangu ni Altezza, injini ya 3S-GE ya lita mbili, gia sita za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma. Nguvu za injini hii ziko kwenye resi za juu: kutoka kiwandani ilihesabiwa farasi 210 kwenye resi 7600, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, lakini chini huko inasuasua. Kwa hiyo ile elfu sita ilinijia kama ushauri wa maana.

Tulikimbia upande wa Kigamboni, kwenye lami iliyofungwa kwa ajili yetu, mita 402, ile robo maili ya Wamarekani. Nikiwa bado kwenye foleni, kijana mmoja akamwaga maji chini ya tairi zangu za nyuma, "zichome zipate moto." Nikazichoma, yaani nikazizungusha gari ikiwa papo hapo, moshi ukapanda, watu wakashangilia. Maji yale ni kwa tairi za mashindano zisizo na mifereji. Tairi ya kawaida inayabeba kwenye mifereji yake mpaka mstarini, kisha yanavuja palepale unapotaka ishike. Juu ya hayo, pembeni palikuwa na mchanga wa pwani uliopeperushwa na upepo, nami tairi moja nikaiweka juu yake bila kutazama.

Bendera ikashuka. Resi elfu sita, nikachomoa mguu. Tairi zikalia, mkia ukaenda kushoto, nikaukamata kwa usukani, ukaenda kulia. Mark II ya jirani yangu ilikuwa mbali wakati mimi ndiyo kwanza nashika lami, na harufu ya klachi imejaa ndani. Nilimaliza kwa sekunde 16.6. Mita 18 za mwanzo peke yake zilikula 2.7.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja, fundi wa Ilala, alikuwa amekaa kivulini tangu asubuhi. Nikamwamkia. "Marahaba. Mwanangu, klachi huiachii, unaitupa. Unajua inakamatia wapi?" Sikujua, na gari nimeiendesha miaka mitatu.

Akanitoa pembeni. Bila kugusa mafuta kabisa, gia ya kwanza, niachie klachi polepole mpaka gari itikisike kutaka kwenda, nisimame hapo, nikanyage tena. Nilirudia zaidi ya mara ishirini. Akanivua raba zangu zenye soli nene, nikavaa viatu vya soli nyembamba vya mwanawe. Kisigino kikae sakafuni, alisema, vidole ndivyo viachie. Ukinyanyua mguu mzima huwezi kupima. Halafu akabandika kipande cha utepe mwekundu kwenye kioo cha saa ya resi, penye 4000. Macho yangu yabaki kwa mwenye bendera, wekundu nitauona kwa pembeni. Sijawahi kuona kitu rahisi kinachosaidia namna ile.

Upepo wa tairi za nyuma tukaushusha kutoka PSI 32 hadi 26. Upimeni kila mnaporudi, maana kwa joto la Dar unapanda mkiwa mmesimama juani tu.

Kwa woga, mara ya pili nilianza na resi 2500. Gari ikakosa pumzi, nusura izime. Mara ya tatu nikafuata wekundu. Klachi haraka mpaka pale inapokamata, hapo nikaituliza kidogo, kisha nikaimalizia taratibu huku mguu wa kulia ukienda chini. Tairi zililia kidogo tu, kisha gari ikanisukuma mgongoni. Mita 18 kwa 2.3, zote 402 kwa 15.9. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale mwanzo, mwisho wa njia inakurudia karibu mara mbili.

Na msikurupukie bendera kama mnatafuta muda wenu wenyewe. Kipimo chetu kilianza kuhesabu gari ikisogea, na hata kwenye njia zenye taa saa ya gari huanza inapotoka mstarini, siyo kijani kinapowaka. Kuwahi kunahesabika ukiwa unashindana na mtu.

Siku nzima, kiingilio, mafuta na tairi mbili za mtumba nilizonunua Kariakoo baadaye, ilinitoka kama laki tatu na ushee.

Niliporudi na ile 15.9 mzee hakuuliza muda. Aliingiza kichwa dirishani, akanusa.

"Hainuki. Iache ipoe dakika kumi, kisha rudi foleni."