Gego Lililolala

Jana nilipompeleka mwanangu kukaguliwa meno, harufu ya mafuta ya karafuu ilinipokea mlangoni, na ulimi wangu ukaenda wenyewe nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kushoto.

Nilikuwa na miaka 13. Gego la pili la kulia lilikuwa limeshatoka, la kushoto kimya. Mama alisema tusubiri. Eksirei ya kinywa kizima ikaonyesha kwamba gego limelala ndani ya mfupa, limekwama chini ya shingo ya gego la kwanza, na nyuma yake kichipukizi cha gego la tatu kinalibana. Daktari akasema tusichelewe kuliinua likae mahali pake: mizizi haijakamilika, ncha zake bado ziko wazi na damu inapita vizuri. Ikishafunga, jino linaweza kufa likiinuliwa.

“Utasikia kusukumwa, mwanangu, hutasikia maumivu.” Nusu ya mdomo wa chini ilikuwa imeshakufa ganzi. Akapasua ufizi, akapunguza mfupa kwa keekee ndogo huku maji yakimiminika ili mfupa usiungue. Sauti ile haikuja kwa masikio, ilipita ndani ya fuvu. Kisha keekee ikanyamaza. Akapenyeza chuma chembamba kati ya magego mawili, akakizungusha polepole, polepole mno, na hapo nikasikia jino linaachia, kama mlango uliovimba kwa mvua. Hapakuwa na maumivu hata chembe. Lakini kitu changu mwenyewe, kilichojificha mfupani tangu utotoni, kilikuwa kinahama. Machozi yakanitoka. Muuguzi akadhani ganzi imeisha, akanishika bega. Sikuweza kumweleza, na hata sasa sina hakika kilichoniliza ni nini.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: nyuzi, barafu, shavu kuvimba, nyuzi kutolewa, picha za kuangalia kama mizizi inakua. Ilikua. Gego lipo, linatafuna.

Kile kichipukizi cha nyuma kilitolewa siku hiyohiyo ili kupisha nafasi. Hakikuwa na ugonjwa wowote. Nilikiona juu ya shashi: taji jeupe, zuri, lisilo na mizizi. Jino moja lilitolewa ili jingine lipone, nami naamini daktari alichagua sawa. Mama mpaka leo anasema tungesubiri walau mwaka mmoja zaidi, na hapo hatujawahi kukubaliana.