Siku moja ya msuka ukili, na kazi za Acaye Kerunen

Saa 11 alfajiri. Nikishasali natoka uani kuanua ukindu, majani yetu ya kusukia. Umelala nje kwa makusudi, upate umande baada ya jua la jana, maana hivyo ndivyo unavyokuwa mweupe. Naupitisha mkononi jani kwa jani. Uliovunjika nautenga kwa makawa madogo ya kufunikia chakula, mzuri unabaki kwa mkeka wa bibi harusi unaotakiwa mwisho wa mwezi.

Saa 1 asubuhi. Chai, maandazi, watoto waende skuli.

Saa 2. Nakaa barazani kuuchana ukindu uwe chane, vipande vyembamba vya kusukia. Chane zisipolingana upana, ukili, ule mkanda mrefu tunaousuka na kuushona uwe mkeka, unapinda na mshono haulali. Mikono ikishaizoea kazi hii kichwa kinabaki huru, na siku hizi kichwa changu kiko kwa msanii mmoja mwanamke wa Kampala, Acaye Kerunen. Binti yangu ndiye aliyeniwekea picha za kazi zake kwenye simu, akijua mama yake atazipenda. Nimezipenda mpaka basi.

Kerunen anafanya kazi pamoja na wanawake wasukaji wa Uganda. Wanasuka kwa nyuzi za migomba, majani ya mwale na ya mitende-pori, mabua ya mtama. Mikeka na vikapu hivyo yeye huvifumua, huvikata, akaviunganisha upya kwa sindano na kuvitundika, vikawa sanamu za kumzidi mtu kimo. Mimi huikuza picha mpaka nione mshono. Naona pale msukaji alipomaliza unyuzi na kuingiza mwingine. Naona mkono uliokaza na mkono uliolegeza. Angeweza kuyafunika yote hayo kwa rangi, lakini ameyaacha yaonekane, na kwangu hapo ndipo ulipo utukufu wa kazi yake: mkeka ukiondolewa kazi ya kukaliwa, kinachobaki mbele ya macho ni akili ya aliyeusuka.

Mwaka 2022 Uganda ilikuwa na banda lake la taifa kwa mara ya kwanza kwenye Biennale ya Venice, Italia, maonesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895. Waliopeleka kazi ni Kerunen na mchoraji Collin Sekajugo. Majaji wakaitaja Uganda kwa heshima maalumu. Binti yangu aliponisomea habari hiyo machozi yalinitoka. Majani, magome na migomba, vitu ambavyo mtu akipita uani kwangu anaviona takataka, vimesimama Venice na dunia imevitazama!

Saa 4. Natia rangi. Maji yanachemka kwenye sufuria, naweka chane fungu kwa fungu na kuzigeuza kwa kijiti. Leo ni nyekundu na zambarau.

Nikingoja rangi ikolee nawaza lile gome, maana Kerunen hulitumia pia. Waganda, watu wa ufalme wa Buganda, huliita lubugo. Hubandua gome la mti wa mutuba, wakaligonga kwa nyundo za mbao mpaka litanuke na kulainika kama kitambaa. Shina hulifunga kwa majani ya mgomba, gome likaota tena, na mti haukatwi. UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Lubugo huvaliwa Kabaka, mfalme wao, anapotawazwa, na wafu huzikwa nalo. Kwetu mkeka nao una daraja hiyo. Mtoto mchanga hulazwa juu yake, maulidi husomwa juu yake, msibani tunaukalia. Kwa hiyo msanii anayeshika lubugo au mkeka ameshika kitu chenye watu ndani yake, na Kerunen anakishika kwa adabu. Baadhi ya kazi zake amezipa majina ya Kialur, lugha ya kaskazini magharibi mwa Uganda. Hakusubiri Ulaya impe jina.

Saa 8 mchana. Baada ya adhuhuri wenzangu wanakuja, kila mmoja na ukili wake. Nawaonesha picha.

“Sasa huo mkeka mtu ataukaliaje?” jirani yangu anauliza.

“Haukaliwi, shoga. Unatazamwa.”

“Wacha we! Na waliosuka, wanalipwa?”

Swali hilo ndilo lenyewe, na nilifurahi limetoka kwa mtu mwenye vidole vilivyochanika kwa chane. Nikamwambia kuwa Kerunen huwataja wasukaji kama wenzake katika kazi, na husema wazi kwamba ujuzi ni wao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi huyo anajua.” Wengine wakaichukua simu, ikazunguka mkono kwa mkono.

Saa 10 jioni. Nimepanda daladala kupeleka makawa mjini, duka moja la watalii. Yanabandikwa kikaratasi chenye jina la duka tu. Leo nimemwomba mwenye duka aandike na jina la kijiji na la aliyesuka. Amesema atafikiri. Nitamuuliza tena nikirudi, na tena. Mgeni anayelipa pesa yake ana haki ya kujua ni kazi ya mikono ya nani aliyoinunua.

Saa 2 usiku. Watoto wamekula, nashona. Shazia, sindano yetu kubwa, inaingia ukingo wa ukili mmoja na kutokea kwa mwenzake, na mkeka unaongezeka upana polepole. Nikijaliwa kukutana na Kerunen sitamuuliza habari za Venice. Nitamuuliza anakatia wapi. Sisi wasukaji tunajua ukili ukikatwa katikati chane huanza kuachia, na usipowahi kuufunga unafumuka wote. Yeye anakata mkeka mzima na bado unamtii. Anafunga kwanza ndipo akate, au anakata akifunga papo hapo? Na uzi gani? Ningempa ukili wangu wenyewe, nikae karibu, nitazame mikono yake.