Kutoka Bandari ya Tema hadi Kando ya Mto Odaw

Barabara ya kutoka bandari ya Tema kwenda Accra si ndefu, ila foleni yake inakupa muda wa kukagua mizigo ya wenzako. Mbele ya basi letu lilikuwapo gari dogo la mtumba, bado halina namba, limejazwa monita za kompyuta mpaka kiti cha abiria. Ndivyo vifaa vingi vya umeme vya mtumba vinavyoingia Ghana: runinga, spika na pasi zimeshindiliwa ndani ya magari kutoka Ulaya na Marekani. Kwenye karatasi, vyote ni vifaa vilivyotumika, si taka.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwenye yadi ya muuzaji wa jumla. Pale mnunuzi hajaribu kitu. Anachagua kwa macho, analipa, anabeba. Kujaribu ni baadaye, kibandani kwa fundi. Kijana alichomeka runinga moja: taa nyekundu ikawaka, ikakonyeza, ikazima. Akafungua mgongo, akanionyesha kapasita, kile kipande kidogo kinachohifadhi umeme, iliyovimba kichwa, akaibadilisha, picha ikaja. Ya pili ilikuwa imepasuka kioo kwa ndani. Ikatupwa pembeni. Hapo ndipo bidhaa inapogeuka taka, na hakuna afisa wa forodha anayeshuhudia.

Mkataba wa Basel wa 1989 unataka taka za sumu zisivuke mpaka kabla nchi inayopokea haijaridhia kwa maandishi. Tangu Januari 1, 2025, sharti hilo linagusa taka zote za kielektroniki, hata zisizo na sumu. Hatua nzuri, lakini msafirishaji akiandika kwamba mzigo wake unafanya kazi, anapenya. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. (Tusiwasingizie wageni kila kitu, lakini: chakavu kingi cha Accra kimetumiwa miaka na Waghana wenyewe kabla ya kufa.)

Yadi ya chakavu ya Agbogbloshie, kando ya mto Odaw mjini Accra, ilivunjwa na serikali Julai 2021. Kazi haikufa, ilitawanyika tu maeneo ya jirani. Niliufuata moshi, mweusi, unaokwaruza koo. Vijana walikuwa wakichoma mafungu ya nyaya, kuni zao zikiwa sponji ya ndani ya kuta za friji kuukuu. Plastiki inateketea, shaba inabaki. Mtoto alipita akiburuta sumaku ya spika kwa kamba, ikiokota misumari na skrubu mchangani.

Nikamuuliza kijana mmoja kwa nini wasizimenye nyaya tu. Akacheka. Nene tunazimenya, alisema, tena shaba isiyoungua ina bei nzuri zaidi. Kisha akanipa kisu na waya wa chaja ya simu, mwembamba kama uzi. Nilihangaika nao nikapata kipande kisichozidi kidole. Yeye alikuwa ameshatupia motoni fungu zima.