Foklifti ya tani 2.5 haibebi tani 2.5 kila mara

Muulize opereta mashine yake inabeba kiasi gani, atakutajia namba iliyopakwa ubavuni. Namba hiyo ina masharti, nayo yapo kwenye kibati karibu na usukani, ambacho mara nyingi kimezibwa na grisi. Kwa mashine nyingi za tani 2.5, sharti la kwanza ni kitovu cha uzito wa mzigo kisizidi milimita 500 kutoka sehemu ya wima ya uma, yaani vile vyuma vya mbele vyenye umbo la L vinavyoingia chini ya mzigo.

Chukua paleti ya simenti: mifuko 40 ya kilo 50, kina chake kutoka kwenye uma kwenda mbele ni mita 1. Ni tani 2, kitovu kiko nusu mita, beba. Sasa njoo kwenye kreti ya tani 2 zilezile, ila kina chake ni mita 1.6. Kitovu kimesogea hadi milimita 800. Mashine inapinduka kwa kuegemea tairi za mbele, kwa hiyo umbali unapimwa kuanzia ekseli ya mbele. Tuseme kutoka hapo hadi kwenye uma ni milimita 450: 2,500 × (450 + 500) ÷ (450 + 800) = kilo 1,900. Kreti imezidi kwa kilo 100. Hesabu hii ni ya kukadiria tu. Kibati ndicho chenye kauli ya mwisho, hasa unapopandisha juu au ukifunga kifaa cha ziada mbele.

Foklifti inakata kona kwa tairi za nyuma. Zikipoteza uzito, usukani unazunguka bure. Kumpandisha mtu nyuma ili awe jiwe la mizani ni uhuni, hata msimamizi akiagiza.

Uma ziingie mpaka mzigo uguse sehemu ya wima. Nyanyua kidogo, laza nyuma mlingoti (nguzo ya mbele inayopandisha uma), kisha tembea na mzigo sentimita 15 hadi 20 tu kutoka sakafuni. Kwenye mteremko, mzigo uelekee juu siku zote: unapanda kwa mbele, unashuka kwa rivasi. Usikate kona hapo.

Mashine ya kukalia ikianza kulala ubavu, usiruke! Anayeruka huangukia upande uleule linakoangukia paa la chuma. Mkanda uwe umefungwa, shika usukani, kaza miguu, egemea upande usioangukia. Mwanafunzi alirudie zoezi hili injini ikiwa imezimwa mpaka mwili uzoee, maana wakati wa kufikiri hautakuwepo.

Ukaguzi wa asubuhi wengi huishia kwenye tairi, mafuta na honi. Pima pia unene wa uma kwenye kona yake. Ikiwa mpya ilikuwa milimita 40 na sasa ni 36, ibadilishwe: nguvu ya kuhimili kupinda hufuata mraba wa unene, hivyo kulika asilimia 10 kunaondoa karibu asilimia 20 ya uwezo. Na isichomelewe gereji ya mtaani. Joto linaharibu ugumu wa chuma.