Kisima Kwanza, Nyumba Baadaye: Nilivyorudisha Kaya Baada ya Mafuriko Bagamoyo

Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo tu ya mji wa Bagamoyo, na hapo ndipo balaa letu la masika linapoanzia. Mvua ya bara ikishuka na mto wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, maji ya mto hayapati njia. Maji yanarudi nyuma, yanatambaa kwenye mikoko na mashamba, mwishowe yanaingia uani. Kimbunga chenyewe huku ni nadra. Kile cha Aprili 1872 kiliivunja Zanzibar na kuangusha majengo ya misheni hapa Bagamoyo. Hidaya ya Mei 2024 ilidhoofika ilipokaribia nchi kavu. Kinachotuhamisha mara nyingi ni mafuriko yasiyo na jina, na hayo ndiyo niliyojifunza kuyashughulikia.

Kabla sijashika koleo huangalia mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni za bamvua: maji yanakupwa sana, kisha yanajaa sana. Mfereji wa kutoa maji uani tunaufungua bahari ikianza kupwa, na tunauziba kwa viroba vya mchanga kabla haijaanza kujaa. Ukiuacha wazi usiku, asubuhi unakuta umejaza ua kwa mkono wako mwenyewe. Penye subira, kazi hii ni rahisi zaidi siku za maji mafu, zile za kati ya bamvua moja na nyingine, maana bahari haipandi juu sana.

Jambo la pili ni picha. Piga alama ya maji ukutani, vyombo vilivyolowa na ufa wowote, kabla ya mtu yeyote kufagia. Weka fimbo ya kupimia au hata ndoo pembeni ili kimo kionekane. Tathmini ya madhara inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, na wao wanafika siku ambayo wewe umeshasafisha kila kitu. Nyumba safi haina ushahidi.

Sasa kisima. Watu wengi wanaanza na magodoro, mimi naanza na kisima, kwa sababu kila kinachofuata, kuosha sakafu, sufuria, nguo za watoto, kinataka maji. Ukiosha nyumba kwa maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko unapaka upya kile kile unachokiondoa.

Visima vyetu vingi ni vya pete za zege, upana wa mita moja hivi. Kwanza nateka hadi maji yawe meupe. Usiruke hatua hii, kwani klorini inaliwa na tope: ukiimwaga kwenye maji ya kahawia inaishia kupambana na udongo na majani, vijidudu vinabaki. Ila kuteka kwenyewe kuna hatari mbili. Ya kwanza, ardhi bado imelowa na inasukuma pete kutoka nje. Ukikausha kisima kwa haraka, hakuna maji ya kusukuma kutoka ndani, na pete zinahama au mchanga unafumuka chini. Ya pili ni ya pwani tu: maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kwa pupa chumvi inapanda. Kwa hiyo nateka nusu, napumzisha kisima saa kadhaa, nateka tena. Mashine ya petroli ya kuvutia maji inakaa juu, mbali na mdomo wa kisima, bomba tu ndilo linaloshuka. Moshi wake ukijaa kisimani unaua mtu bila kelele. Na mtu hashuki. Kuta nazisugua kwa brashi iliyofungwa kwenye mti mrefu.

Kupima maji ni kazi ya kamba na jiwe. Lishushe jiwe hadi chini, livute, pima sehemu iliyolowa. Hesabu yenyewe ni upana mara upana mara kimo cha maji, mara 3.14, gawa kwa 4. Kisima cha upana wa mita 1 chenye maji ya mita 3 kina mita za ujazo 2.4 hivi, yaani karibu lita 2,400.

Dawa ninayotumia ni unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, ule wa mabwawa ya kuogelea. Gramu 50 kwenye lita 10 za maji, na kila mita moja ya ujazo wa kisima inapata lita 10 za mchanganyiko huo. Kwa kisima cha mfano wetu ni lita 24, unga gramu 120. Pima kwa mizani ya duka, usikadirie kwa kiganja. Ndoo iwe ya plastiki, maana unga huu unakula bati. Tangulia maji, kisha unga, usifanye kinyume chake. Vaa glavu, funika pua, simama upande upepo unakotoka. Uchanganye na maji tu: ukikutana na dawa ya choo yenye tindikali unatoa gesi ya sumu, na ukikutana na klorini ya aina nyingine unaweza hata kuwaka. Unga uliokaa mwaka mzima kwenye mfuko uliotoboka, kwa unyevu wa Bagamoyo, umeshapoteza nguvu. Ukiufungua na haukupigi puani, urudishe dukani.

Acha chokaa ya unga huo ituame chini ya ndoo, mimina maji ya juu tu. Kwa kusugulia pete na sakafu ya nje ya kisima naongeza unga mara mbili, gramu 100 kwa lita 10. Nikishamwaga dawa ndani, nashusha ndoo na kuipandisha mara kadhaa ili ichanganyike hadi chini, nafunika, nafunga kamba ya kutekea juu kabisa asije mtoto akateka. Nusu saa ni kiwango cha chini, lakini mimi naacha hadi kesho yake.

Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. Bibi mmoja mwenye kisima kinachonywesha mtaa mzima aliniambia, "Mwanangu, haya maji yananuka hospitali, watu watanikimbia." Nikamjibu, "Shikamoo bibi, yanuke leo tu, kesho tutateka yote yenye harufu." Na ndivyo ilivyo: unateka na kumwaga hadi harufu ibaki kidogo sana. Ukipata vikaratasi vya kupimia klorini, teka hadi isomeke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Usimwage maji hayo kwenye mboga wala kwenye mfereji unaokwenda mikokoni.

Kuna kisima ambacho dawa haikisaidii. Kama choo cha shimo kiko umbali usiofika mita 30 kutoka kisimani na kilifurika, baada ya siku chache uchafu unarudi kwa chini chini. Hapo kisima kinabaki cha kufulia na kuoshea, na ya kunywa yanachemshwa hadi yatokote kwa dakika moja, au yanatiwa kidonge cha klorini: cha miligramu 67 ni kwa lita 20 za maji yaliyochujwa, ngoja nusu saa. Na kama kilichoingia ni maji ya bahari, klorini haiondoi chumvi. Teka kidogo kidogo kila siku, iachie mvua iliyobaki ikisafishe. Kukikausha kabisa ndiko kunakoharibu.

Familia zilizokimbia maji na kulala madarasani zisiharakishwe kurudi kwa sababu tu ua umekauka. Lakini pia darasa si ghala. Viwango vya kimataifa vya misaada vinataka mita za mraba 3.5 kwa mtu, hivyo darasa la mita 7 kwa 9 ni la watu 18; maji lita 15 kwa mtu kwa siku; tundu moja la choo kwa watu 50 siku za mwanzo, kisha 20. Mwenyekiti akiwa na namba hizi mkononi anapokwenda kuomba kwenye kamati ya maafa ya wilaya, anasikilizwa tofauti na anayesema "tumebanana".

Ndani ya nyumba, swichi kuu inazimwa kabla ya mguu kuingia, na ukiwa umesimama ndani ya maji usiiguse, muite fundi. Soketi nyingi ziko sentimita 30 tu kutoka sakafuni, kwa hiyo chukulia zote zimelowa. Friji na televisheni zisijaribiwe "kuona kama zinawaka". Piga piga kwa fimbo chini ya vitanda na nyuma ya makabati: nyoka na nge nao walihama, wakapata kwako pakavu.

Tope litoke likiwa bado bichi. Likikauka kwenye sakafu ya saruji utalibandua kwa patasi. Koleo, toroli, kisha maji na sabuni, mwisho dawa. Watu hugeuza mpangilio huu na kumwaga jiki juu ya tope, hasara tupu. Jiki ya asilimia 3.5 kwa sakafu iliyokwisha kuoshwa: kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Kwa sufuria na sahani, vijiko viwili vya chakula kwa lita 2, halafu suuza. Godoro la sponji lililonywa maji ya choo halina dawa. Kitanda cha mninga kikaushie kivulini, jua kali litakipasua. Kabati la mbao za kubandika likishavimba limekwisha.

Makaratasi yana saa 48 hivi kabla ya ukungu. Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa na vya shule: zamisha kwenye beseni la maji safi ya baridi tope lidondoke lenyewe, usisugue, tandaza juu ya kanga safi mahali penye upepo. Usipange juu ya gazeti, wino wake unahamia. Picha zilizogandana ziache majini hadi ziachiane. Vikiwa vingi kuliko nafasi, vitie kwenye mfuko wa nailoni na uombe nafasi kwenye jokofu la muuza samaki. Vikiganda haviozi, utavikausha kimoja kimoja ukipata muda.

Kuta ndizo zinazochosha. Nyumba ya miti na udongo, bandua udongo hadi juu kidogo ya alama ya maji, fito zipate hewa, na gonga kila mguu wa nguzo: ukisikia mlio mzito wa kitu kilichooza, badilisha kabla ya kukandika. Nyumba ya matofali, plasta inayolia kama debe tupu ibanduliwe yote. Chumvi nyeupe itakayojitokeza iondoe kwa brashi kavu. Ukiiosha unairudisha ndani. Na usipake rangi ya mafuta. Inafungia maji ukutani, miezi mitatu baadaye inavimba malengelenge. Chokaa inapumua, ndiyo maana kuta za zamani za Mji Mkongwe zilipakwa chokaa.

Kujua kama ukuta umekauka, usiuguse kwa kiganja, kiganja kinadanganya. Kata nailoni nene, nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, jioni. Asubuhi ibandue. Ukikuta matone ndani yake au ukuta umekoza rangi, subiri wiki nyingine, kisha bandika tena.