Uji unaokaa kijikoni

Mtoto wetu alipofikisha miezi 11, mstari wa uzito wake katika kitabu cha kliniki ulikuwa umepwelewa kama dau ufuoni: kilo 7.8 mwezi huo, kilo 7.8 miezi miwili nyuma. Nilikwenda kliniki nikiwa nimejiandaa kujitetea, nikamweleza muuguzi kwamba mtoto hanywi soda, hali biskuti, na kwamba mbali na maziwa yangu hupata uji wa wimbi mara tatu kwa siku. Hakuniuliza unga niliununua wapi. Aliniuliza, "Mama, uji huo ukiuteka kwa kijiko kisha ukakiinamisha, unakaa au unamwagika?" Sikuwa na la kumjibu, kwani uji wangu ulikuwa mwepesi kiasi cha kupita katika tundu la chuchu ya chupa.

Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu wangu hakuweza kula zaidi ya robo lita hivi kwa mlo mmoja, na robo lita hiyo mimi nilikuwa nikiijaza maji yenye rangi ya wimbi. Kosa hili si la uvivu. Unga wa wimbi huvimba unapoiva, na ukiongeza vijiko viwili tu ili uji uwe na maana, hunata hivi kwamba mtoto asiye na magego hushindwa kuumeza; basi mama huongeza maji, uji ukalainika, mtoto akanywa kwa raha, na kila mtu nyumbani akasema mashallah, anakula vizuri.

Jirani yetu, ambaye kwao ni Busia na ambaye amekaa Malindi muda mrefu kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha kutumia kimea. Mavyaa wangu aliposikia neno hilo aliacha kukuna nazi. "Kimea? Wataka kumpikia mjukuu wangu pombe?" Ilinibidi nimweleze kwamba kimea chenyewe hakilevyi, ni punje zilizochipuzwa, na punje inapochipua hutengeneza kimeng'enya kinachovunja wanga, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitaka katika uji.

Wimbi unaouzwa sokoni kwetu huja kwa magunia kutoka magharibi mwa Kenya, na huja na mchanga wake. Mimi huutia katika sufuria pana yenye maji mengi, nikauvuruga kwa mkono, kisha nikaumimina pamoja na maji katika sufuria ya pili kabla haujatulia. Mara ya kwanza hubaki chini mstari wa mchanga unaokwaruza ukiusugua kwa kidole; mara ya nne au ya tano hakuna kinachokwaruza tena. Baada ya hapo huuloweka usiku kucha, nikauchuja na kuufunga katika kitambaa cha pamba kilicholowa, na siku ya pili hujitokeza vimizizi vyeupe vyembamba kama nyuzi. Punje huanikwa hadi zikauke kabisa, hufikichwa ili vimizizi vitoke, ndipo hupelekwa mashineni kusagwa. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa hazikatiki, kitambaa changu kilitoa harufu ya ukungu nikamwaga kilo nzima. Tangu hapo kimea cha masika nakiandaa Februari, jua la kaskazi likiwa bado kali. Wala nisingependa mtu atumie mtama kwa kazi hii, kwa kuwa chipukizi la mtama lina sumu ya jamii moja na ile ya muhogo mchungu.

Uji wenyewe huupika mzito, karibu na ugali, kwa unga wa wimbi wa kawaida. Ukishaiva huutelekua na kuuacha upoe kidogo, kwani moto wa kuchemka huua nguvu ya kimea, kisha hutia kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea na kukoroga. Mwiko uliokuwa umekwama huanza kuteleza, na baada ya dakika chache kile kilichokuwa donge hushuka taratibu kutoka kijikoni bila tone la maji kuongezwa. Huurudisha motoni uchemke tena, maana kimea kibichi huweza kubeba vijidudu, halafu humalizia kwa tui zito la nazi. Utamu hutoka kwenye tende mbili zilizotolewa kokwa na kupondwa. Asali ambayo mavyaa aliitaka niliiweka kando hadi mtoto alipotimiza mwaka, kwa sababu kabla ya hapo huweza kumletea sumu ya botulini.

Wimbi unasifiwa kwa kalsiamu, na sifa hiyo ni ya haki: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300, kiasi ambacho mahindi hayakisogelei. Chuma ndicho chenye tatizo. Kimo, ila kimeshikwa na asidi ya fitiki na tanini, mwili wa mtoto ukashindwa kukipata. Kuloweka na kuchipuza hulegeza vifungo hivyo, na vitamini C inayoliwa katika mlo huohuo husaidia zaidi. Hapa ndipo ubuyu wetu unapoingia, nami nasema ule unga mweupe unaochekechwa kutoka kwenye buyu lenyewe, si kokwa zilizopikwa kwa sukari na rangi nyekundu. Huutia uji ukiwa vuguvugu, kwa kuwa moto huharibu vitamini hiyo. Msimu wa embe, ngowe iliyoiva hutosha. Chai ya maziwa, ambayo watoto wengi wa Pwani huionja kabla hawajatembea, hufanya kinyume, kwani tanini zake nazo hukishika chuma.

Mchana hupata ugali laini wa wimbi kwa mchuzi wa changu niliyemchambua miiba kwa vidole, si kwa uma, pamoja na mchicha wa nazi. Unga wa mchanganyiko wa nafaka saba na njugu sinunui tena: njugu zikisagwa na kukaa katika unyevu wa Pwani huota kuvu, na sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Alipopimwa miezi miwili baadaye alikuwa kilo 8.6, ingawa sitasema ni kimea peke yake, kwa sababu wakati huohuo aliacha chupa.

Sasa mavyaa ndiye mwalimu. Amenikumbusha mkate wa mofa, wa unga wa mawele uliokandwa na kuachwa uumuke usiku, uliokuwa ukiokwa ndani ya mofa, yaani tanuri la udongo, ambayo nyumbani kwetu haipo tena. Tunauoka kwenye kikaango kizito kilichofunikwa, na makaa juu ya kifuniko. Mtoto huguguna ukoko wa pembeni uliochovywa mchuzini, na ile nyama laini ya katikati ya mkate humrushia paka.