"Kwa mdomo?"

Tangu Jumanne hili neno limeniganda kichwani. Nilikuwa nimeshakula zangu, sahani ndogo kama nilivyowaambia nilipoanza kupunguza uzito, nusu yake mboga, nikajipongeza kimoyomoyo. Watoto wakamaliza, nikabeba vyombo jikoni, nikasimama kwenye sinki nanyofoa nyama iliyobaki mfupani, kitinda mimba akatokea nyuma yangu.

"Mama, unafanya nini?"
"Nasafisha sahani, mwanangu."
"Kwa mdomo?"

Basi. Hakucheka wala nini, alitaka kujua tu, akachukua maji yake akaenda. Mimi nikabaki na mfupa mkononi. Tangu hapo najibizana naye peke yangu, mara namjibu kuwa chakula hakitupwi, mara namwambia mambo ya wakubwa hayo, usiku wa manane ndo nikapata jibu zuri na asubuhi nikaona nalo halifai, maana mtoto wa miaka 6 kaniuliza swali ambalo daftari langu halijawahi kuniuliza.

Na lile daftari mnalijua, wiki ya tatu hii naandika kila ninachokula. Kumbe naandika nilichokula nimekaa tu! Jumatano nikasema leo naandika vyote. Kipande cha mkate alichoacha dada yake, yai nusu, vijiko vinne vya kuonja mchuzi (hivi chumvi inaonjwa mara nne?), halafu mafuta. Mafuta namimina kwa macho. Nikapima, kijiko kimoja kikubwa ni kama gramu 14, na gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4, yaani kijiko kile kimoja ni kalori 120 hivi, na mimi nilichomimina kilijaza vitatu na kidogo. Nikafunga daftari.

Alhamisi nimehamishwa kitengo kazini na mdogo wangu posa yake imepokelewa, hayo siku nyingine.

Ijumaa mzani ukasema nimeongezeka kilo moja na nusu nikataka kulia, ndo nikakumbuka zile kilo mbili nilizowatangazia kwa mbwembwe wiki ya kwanza kuwa nimepungua. Nyingi zilikuwa maji jamani. Ukipunguza kula, mwili unaanza kutumia ile akiba ya wanga iliyo kwenye ini na misuli, na kila gramu yake imeshika maji kama gramu 3, basi akiba ikiisha na maji yanakwenda, ukila yanarudi, na chumvi nayo inayazuia. Kwa hiyo nilijisifia maji na sasa nalilia maji. Nikacheka peke yangu bafuni mpaka baba yao akagonga mlango.

Jana usiku kitinda mimba kaniletea sahani yake mwenyewe, ameacha tonge moja katikati, limepangwa vizuri kabisa. "Mama, nisafishie." Nikavuta kiti, nikakaa, nikalila taratibu na yeye ananiangalia, nikaliandika. Tonge 1. Akaomba kuona nilivyoandika, akasema moja yangu imepinda.

Ila mama hajapokea simu tangu asubuhi. Leo Jumapili, na Jumapili huwa ananipigia yeye kabla sijaamka.